Marshi ya Papa, Bila Tarumbeta

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua kitanda kwa seremala mmoja wa hapa Makiso. Alikuwa hajamaliza, kama kawaida yao, akanipa kigoda nikae nisubiri apake rangi ya mwisho. Alikuwa anayeyusha kopali kwenye kopo la maziwa juu ya makaa. Kopali ni utomvu wa miti ya msituni ulioganda ukawa kama kioo cha manjano, na zamani akina mama waliuleta sokoni pamoja na viwavi na majani ya kufungia kwanga, ule mkate wa muhogo. Nilipoinusa ile harufu, chungu kidogo na tamu kidogo, nikasahau kitanda. Nilikuwa nimekaa katika lupango letu, yaani ua wa nyumba yetu, mtaa wa Mangobo, miguu haifiki chini, namtazama dada yangu akisugua utomvu uleule kwenye upinde wa selo, na mama yangu amevaa nyeusi.

Mimi si mtu wa muziki. Nasema mapema ili nisije nikaulizwa mambo ya nota. Nilichonacho ni masikio tu na kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ni ya mtoto, maana yake robo yake ni mambo ambayo nilijitungia na kuyaamini kwa miaka.

Papa alikuwa mwanajeshi wa kambi ya Kapalata, lakini bunduki sikuwahi kumwona nayo. Alikuwa wa fanfare, bendi ya jeshi, na chombo chake kilikuwa bombardo, lile dude kubwa la shaba ambalo mtu hulipakata kama mtoto mgonjwa. Bombardo halipigi wimbo. Wimbo wanao wenye tarumbeta na klarineti, ndio wanaotazamwa na wasichana. Bombardo linakanyaga chini tu, pom, pom, pom, na mara nyingine linanyamaza kabisa huku wengine wakiendelea. Haya niliyajua baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba jioni Papa anarudi na bombardo lake limefungwa kwenye baiskeli ya toleka, yeye mwenyewe anatembea kando akilishikilia, kwa sababu alisema kambini vyombo vinaangushwa na watu wasio na akili.

Alifanyia mazoezi karibu na jiko, Mama akiponda lituma, ndizi za kuchemsha. Zaidi ya yote alipiga marshi ile ya jeshi, ile moja. Ninyi wa rika langu mnaijua. Ndiyo iliyopigwa kila mkubwa aliposhuka kwenye ndege, na kila gwaride, na sisi wanafunzi tulipoisikia miguu ilijiinua yenyewe hata kama tumesimama juani tangu asubuhi. Sina haja ya kuitaja. Mtu akipiga mluzi kidogo tu, wote mtamalizia.

Ila sisi nyumbani tusingemalizia sawa na ninyi. Kwetu marshi ile ilikuwa pom, pom, halafu pom-pom mbili za haraka, halafu pom moja ndefu inayotikisa vifuniko vya sufuria. Hatukuwa na kitu kingine juu yake. Watoto wenzangu shuleni walipoimba ule wimbo wa tarumbeta, mimi nilidhani ni wimbo mwingine, wa kwao, na niliwaonea huruma kidogo kwamba ile marshi yenyewe hawaijui.

Na katikati ya marshi ya Papa palikuwa na kimya. Alitoa mdomo kwenye shaba, akaweka mikono juu ya bombardo, akatazama ukuta wa matete, midomo ikicheza bila sauti. Kilikuwa kimya kirefu. Siku moja nilimuuliza Mama, "Papa iko nafanya nini?" Mama hakugeuka. Alisema, "Nyamaza, utamuharibia." Basi nikaelewa. Katika nyumba yetu kulikuwa na shughuli moja tu ambayo mtu anachezesha midomo, hatoi sauti, na mtoto akisogea anapigwa jicho. Papa alikuwa anaomba. Nilijua hata anamwombea nani, marehemu mama yake, ambaye mimi ndiye niliyepewa jina lake. Ndiyo maana nyumba nzima iliniita Koko, yaani bibi, na mimi sijapoteza hata jino la kwanza. Nilipoona midomo inacheza, na mimi nilifumba macho nikaweka ombi langu. Mara nyingi lilikuwa la viatu.

Kisha bendi ilitumwa mkoa mwingine, mbali, kwa sherehe fulani. Papa aliugua huko, akafa huko, akazikwa huko. Wanajeshi wawili walituletea habari na sanduku lake la nguo. Bombardo halikurudi, lilikuwa mali ya serikali. Baada ya muda mfupi bendi nzima ilihamishwa na vyombo vyake vyote, na Kapalata ikabaki na filimbi za askari tu. Nililia kwa sababu watu walilia. Lililoniuma mimi mwenyewe lilikuwa jioni, saa ya lituma, mchi ukipiga peke yake.

Mama akavaa nyeusi. Kwa desturi yetu mjane hukaa na kikwembe cheusi, kitenge cha kujifunga, mpaka ndugu za mume wafike, wafanye karamu ya kuondoa matanga, na dada wa marehemu amfungue kile kikwembe mbele ya watu, avishwe kipya. Kabla ya hapo hatoi mkono kusalimia, hacheki mbele za watu, haendi sokoni. Mama alikuwa akiuza samaki wa kukausha aliowachukua kwa Wagenia, wavuvi wa kule kwenye maporomoko, na katika msimu wote ule mezani pake alikaa jirani mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo mzito, ambaye wateja walimkimbia. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Ilimpasa Mama atoke katika nyeusi ile, kila mtu alijua, na yeye alijua kuliko wote.

Dada ya Papa, Tantine Véro, alifika kutoka Kindu, mtumbwi mpaka Ubundu halafu pikipiki, amebeba kikwembe kipya cha maua ya kijani na kuku wawili waliokwisha kuchoka na dunia. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tantine hakungoja kupewa, aliingia jikoni siku ileile akahamisha kila kitu. Alitaka karamu ifanyike upesi, arudi kwa watoto wake. Mama alimsikiliza vizuri, kisha akatoa sharti lake la kuvua nyeusi.

"Mi nitatosha nyeusi siku atapigiwa marshi yake."

"Marshi gani tena, bokilo?" Tantine alimuuliza wifi yake. "Walimupigia kule walimuzika. Askari walisema."

"Mi sikusikia. Alipigia watu wote wakubwa wa hii mji, hata wenye hawakumujua jina. Yeye nani alimupigia, mi nikisikia?"

"Na fanfare iko wapi?"

"Haiko."

"Alors?"

"Alors nitabaki nayo," Mama alisema, akalivuta lile kwembe jeusi mabegani, akarudi kuchagua maharagwe.

Tantine aliinua mikono juu. Alisema akirudi Kindu bila kumfungua, hajui mwaka gani atapata tena njia, na hakuna mwingine wa kumfungua, yeye ndiye dada pekee aliyebaki. Hakuwa anatishia. Ilikuwa kweli.

Aliyetuingiza katika mambo ya selo ni Tonton Bosco, mdogo wake Mama. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na Jumapili alipiga selo parokiani. Selo, kwa asiyeijua, ni ndugu mkubwa wa fidla. Unaikalia nyuma, unaibana kwa magoti, sauti yake iko chini kama ya mwanamume anayeongea chumba cha pili. Hiyo ya parokia iliachwa na padri mmoja wa zamani. Ya pili ilichongwa na Papa Saidi, fundi wa Kiislamu, mtu wa zile koo zilizoingia mjini na biashara za kale na hazijaacha kutukumbusha. Aliazima ya kwanza, akaipima, akachonga ya kwake kwa mbao nyekundu, na uzi mzito wa chini alikosa, akaweka waya wa breki ya toleka. Hiyo ndiyo aliyojifunzia dada yangu mkubwa, Yaya Régine.

Tonton alisema, "Bon. Tutaipiga na selo mbili. Mi na Régine."

"Fanfare yote?" Tantine akauliza. "Na hivi viwili?"

"Ni kazi ya arrangement tu," Tonton alisema, na namna alivyolitamka lile neno, nilijua tutalisikia sana.

Tulilisikia. Alikata kalenda kuukuu, akageuza upande mweupe, akaandika do-re-mi zake kwa wino wa buluu. Kazi yenyewe, kama nilivyoielewa, ilikuwa kama ya mtu anayehamisha nyumba kubwa kwenye toleka moja. Watu thelathini walipuliza kitu, sasa kuna nyuzi nane. Kile kinabaki, kile kinaachwa, na kile kingine kinabebwa na mtu asiyestahili kukibeba. Wimbo wa tarumbeta aliujua nusunusu, kwa hiyo alivuka uzio kwa Papa Likunde kuchukua nusu nyingine.

Papa Likunde lazima nimweleze. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ileile, mzee kuliko Papa, alistaafu kabla ya bendi kuhamishwa, na lupango lake lilipakana na letu. Yeye na Papa hawakusemezana. Sababu ilikuwa bata wake mmoja aliyekutwa kwetu akiwa tayari amechemshwa, na kila upande ulikuwa na maelezo yake. Kambini walipiga marshi moja bega kwa bega, wakirudi nyumbani kila mtu anapita njia yake. Tonton alikaa kwake jioni kadhaa, mzee akimpigia mluzi, yeye akiandika, na sauti ya mluzi ilipita juu ya uzio mpaka kwetu. Mama aliisikia. 

Ngoma nazo zilileta maneno. Tonton alitaka Régine agonge tumbo la selo kwa vifundo vya vidole mahali pa ngoma kubwa. Papa Saidi alipita siku hiyo kutuletea kopali ya kusugulia pinde, akakuta chombo chake kinagongwa, akavua kofia.

"Mwalimu! Hii si ngoma! Mimi nimekaa misimu miwili nikikwangua kifua chake kiwe chembamba, wewe unakigonga kama mulango ya mudeni?"

"Ni kidogo tu, Papa Saidi. Juu ya marshi."

"Marshi ni miguu. Wapige miguu chini." Na kweli, ngoma ikawa kisigino cha Régine kwenye ubao uliowekwa chini.

Mimi nilifanywa jeshi. Tonton aliniagiza mimi na watoto wa jirani tutembee kutoka jikoni hadi kona ya uzio na kurudi, ili ajue mwendo usiwe wa kukimbia wala wa maiti. Tulifurahi sana, tukainua vumbi mpaka kwenye sufuria, na Tantine akatufukuza na mwiko. Nakiri kwamba nyumba ilikuwa na uhai tena, na nilikuwa napata haya kidogo kufurahi.

Ikafika siku ya kumsikilizisha Mama. Tonton alivaa shati lake. Alipiga sehemu ya juu, ile ya tarumbeta, upinde wake ukirukaruka, na kwa haki yote alikuwa hodari. Régine alikuwa chini akimsindikiza polepole. Majirani walisimama kwenye uzio. Walipomaliza watu walipiga makofi, hata Tantine, ambaye alisema sasa ameelewa selo ni nini. Tonton alipangusa jasho akamtazama dada yake.

 Mama akasema, kwa upole kabisa, "Iko muzuri, Bosco. Merci. Lakini hii haiko ya bwana yangu. Hii ni marshi ya Likunde."

"Namna gani ya Likunde? Ni marshi moja!"

"Ya Likunde. Mi niliisikia pale kwa uzio. Ya papa ya hawa watoto inafanya pom."

"Iko hapa! Régine alikuwa anaipiga, chini!"

"Sikuisikia," Mama alisema. "Wewe ulikuwa juu yake."

Hapo ndipo Tonton alipochukia. Alisema sauti ya chini peke yake si muziki, ni mlango bila nyumba. Alisema atakuja paroko, watakuja walimu wenzake, na yeye akae mbele yao na selo mikononi, hapigi, amsikilize mtoto akipiga pom? Alisema mambo mengine pia kwa Kifaransa. Mama alimwacha amalize. Alikuwa na namna yake ya kusubiri ambayo ilichosha watu kuliko kelele.

"Basi," alisema, "nitabaki na nyeusi yangu. Hakuna mubaya. Nimeizoea."

Nilimwamini, na niliogopa. Nilidhani nyeusi ile ikizoeleka itamwingia kwenye ngozi. Tantine alikaa chini kwenye mkeka akaanza kulia kwa hasira, akiita jina la kaka yake kana kwamba kosa ni lake kuchagua chombo cha namna ile. Tonton alitazama dari ya veranda. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na alikwisha kuwaambia watu wa parokia. Mwishowe alitoa kalamu.

"Bon. Nani anaijua hiyo pom-pom yenu? Mi sina nota yake."

Tuliijua sote. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Mama alianza akiwa bado anachagua maharagwe, Régine akaingia, na mimi nikaingia, sisi watatu tukiimba pom mbele ya mwalimu wa sekondari, hatupishani hata kidogo, kwa sababu tuliisikia kila jioni ya maisha yetu. Tonton aliandika haraka. Tulipofika katikati tukanyamaza, wote kwa pamoja.

Alisubiri. "Na hapa?"

"Hapa ananyamaza," nilisema.

"Muda gani?"

"Mupaka amalize kuomba."

Tonton alinitazama, kisha akamtazama Mama. Mama alikuwa ameinama juu ya ungo. Nilimwona Tonton anataka kusema kitu, akakiacha. Alisema tu, "Donc, ni muda gani, kuomba?" Mama aliinua kidole asubiri. Tulikaa hivyo, bila mtu kupumua, kisha kidole kikashuka na sote watatu tukasema pom. Tonton akaandika. Aliuliza kama anaweza kujaza pale kimya, hata kwa sauti ndogo, watu wasije wakadhani chombo kimeharibika. Mama alikataa. Alisema pale pasiguswe.

Hivyo ndivyo marshi ile ya jeshi, ambayo nchi nzima inaijua, ilivyopangwa upya Mangobo. Mara ya kwanza ingepigwa ya Papa peke yake, Régine na waya wake wa breki, tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na kimya chake, na Tonton angekaa tu. Mara ya pili, wote wawili. Hapo tarumbeta la Likunde lingeruhusiwa kuingia, lakini kwa kudonoa nyuzi kwa kidole tu, bila upinde, kama mgeni anayebisha hodi. Tonton alilalamika mpaka siku yenyewe. Ila nilimsikia mara moja, alipodhani yuko peke yake, anaijaribu ile sehemu ya chini kwenye selo yake, na alirudia zaidi ya alivyohitaji.

Siku ya karamu lupango lilijaa. Palikuwa na lituma, samaki, kuku wale wawili wa Kindu walipata mapumziko yao, na viti vya parokia vilipangwa kwa mistari. Mama alikaa mbele juu ya mkeka, mweusi kutoka kichwani hadi miguuni, na Tantine Véro nyuma yake akiwa tayari, kikwembe cha maua ya kijani begani. Walikubaliana kwamba marshi ikiisha tu, anafungua. Mlangoni, baada ya watu wote kukaa, aliingia Papa Likunde na wenzake wawili waliostaafu kama yeye, wamevaa makoti yao ya zamani yenye vifungo vya shaba. Hakuna aliyemwalika. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, upande wa mbali na jiko letu.

Régine alisugua upinde. Harufu ya kopali ilinifikia nilipokaa. Kisha akaanza.

Ninawaambia ukweli, wageni hawakuelewa. Pom, pom, na Tonton amekaa na mikono magotini kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mwalimu mmoja alimnong'oneza mwenzake. Paroko alitabasamu lile tabasamu lake la subira. Lakini ule waya wa breki ulikuwa na ukwaruzo ndani yake, na kwenye pom ndefu vifuniko vya sufuria jikoni vilitikisika. Mama alishika kifua. Mimi nilitazama upande wa jiko, kwenye kigoda cha Papa, kwa sababu sauti ilitoka kwake hata kama sikumwona. Nilimkosa Papa siku ile kuliko siku walipoleta sanduku.

Kisha kimya kikafika. Régine aliinua upinde akauacha hewani.

Nilifumba macho ili niombe, kama zamani, ila siku hiyo sikutaka viatu. Kisha nikayafumbua, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kama na wengine wanaomba. Watu walikuwa wanatazamana. Ni kule nyuma tu, kwenye makoti ya zamani, nilikoona midomo inacheza. Papa Likunde alikuwa ametazama mbele bila kuona mtu, midomo yake inakwenda vilevile kama ya Papa, sawasawa kabisa, na wenzake wawili vilevile, wote watatu pamoja. Na kidole cha Papa Likunde kilikuwa kinagonga kofia. Kikajikunja. Kikafuata kingine, nacho kikajikunja.

Alikuwa anahesabu.

Niliona kama mtu amenipokonya kitu. Miaka yote ile Papa hakumwombea bibi wala mtu yeyote. Alikuwa anahesabu zamu yake ifike, asije akaingia kabla ya wengine au baada yao. Nilitaka kuchukia lakini sikupata nafasi, kwa sababu Tantine Véro, mtu wa Kindu ambaye hakuwahi kula jioni hata moja karibu na bombardo, na wakati wa mazoezi alikuwa mbioni na mambo ya karamu, alikuwa amekisikia kimya kile akakielewa kama mtu yeyote mwenye akili angekielewa. Marshi imeisha. Akapiga kigelegele, akainama, akashika fundo la kikwembe cheusi kwenye bega la Mama, akalivuta. Wanawake wakaitikia. Watu wakaanza kuinuka kwenye viti. Tonton alishika kichwa. Régine hakusogea, upinde hewani, macho yake yamekodolea mkeka.

Lile kwembe jeusi lilikuwa limekwisha kushuka bega moja. Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wa Tantine.

"Acha kwanza, Véro," alisema. "Hajamaliza."

Hakusema kwa nguvu, lakini lupango lote lilisikia. Watu wakasimama walipo, nusu wamekaa. Na kule nyuma Papa Likunde akajisahau. Alimaliza hesabu yake kwa sauti, mzunguko wa nane wa hatua nne, sauti ya kambini: "Muna-ne, mbili, tatu, ine!" na Régine akaangusha upinde, na pom ikaingia mahali pake, sawa kabisa, na vifuniko vya sufuria vikaitikia.

Mama alicheka. Alicheka na kikwembe kimoja kimeshuka na kingine hakijavaliwa, mbele za watu, mjane, kitu ambacho hakiruhusiwi, na hakujaribu kukizuia. Tantine alifunika mdomo. Kisha yeye naye akaanza, na paroko, na yule mwalimu, na mimi nilikuwa nacheka na kulia, ile hali ambayo mtoto hajui aanze kufuta nini. Papa Likunde alivaa kofia, akavua tena. Mama aligeuka akamtazama juu ya vichwa vya watu.

"Papa Likunde, alikuwa anahesabu vile?"

"Njo vile, mama," mzee alikubali. "Sisi wote tulikuwa tunasahau. Tulikuwa tunamutazama yeye midomo."

Nilimtazama Mama nione kama na yeye amepokonywa. Sikuona. Aliitika kwa kichwa, polepole, akageukia mbele, akashikilia kikwembe chake kisianguke, akangoja. Tonton alichukua selo yake. Wakaanza mara ya pili, wote wawili, na tarumbeta la Likunde likapita juu kwa kudonolewa, dogo, la adabu, na chini yake Papa anakanyaga. Kimya kilipofika mara hiyo hakuna aliyeinuka. Watu wote walikuwa wanachezesha midomo, hata Tantine, hata paroko, na mimi nilihesabu nao, vidole vyangu vikijikunja kimoja kimoja kama vya mzee Likunde.

Pom ya mwisho ilipokatika, Tantine alisubiri. Aliinama akamuuliza Mama sikioni, nami nilisikia kwa kuwa nilikuwa karibu: "Amemaliza?"

"Amemaliza," Mama alisema, akafungua mwenyewe fundo lililobaki.